Ulimi Hauna Mfupa

Picha niliinyanyua dirishani, kwa sababu taa ya kusomea eksirei pale zahanati ilikuwa imeungua tangu Krismasi na hakuna aliyejali kuibadilisha. Ilikuwa Februari 2008, Geraldton, mji wa bandari kilomita 420 hivi kaskazini ya Perth, Australia Magharibi. Nje upepo wa kusi ulikuwa kazini. Huko upepo ni mkazi wa kudumu. Ukitoka mji kidogo, upande wa Greenough, utaona miti imelala chini kabisa, shina limekunjwa kama mtu anayetafuta sindano mchangani, na bado iko hai, bado inachipua.

Mbele yangu alikaa mzee wa Kiyamatji, kofia magotini. Wayamatji ni Waaborijini, wenyeji wa asili, wa upande ule. Jina lake silitaji. Ameshatangulia, na kwao jina la marehemu halitajwi ovyo. Nitamwita Anko, kwani ndivyo mji mzima ulivyomwita. Waaborijini humwita mtu mzima Anko au Anti hata kama hawana udugu wa damu, na mtoto asiyefanya hivyo anaonekana hakulelewa. Mimi niliyekulia kwenye shikamoo, hilo halikunipa taabu hata siku moja.

Nikamwambia, kwa ile sauti ya upole tuliyofundishwa chuoni: "Anko, huu ni mgongo wa mtu wa miaka themanini. Diski zimechakaa, pingili zinasagana. Itabidi uwe mwangalifu sana na kuinama na kubeba vitu."

Alikuwa na miaka 51. Tangu ana 15 alikuwa akikata manyoya ya kondoo kwenye mashamba ya bara, kazi ya kuinama kutwa nzima na mnyama katikati ya magoti, kondoo mia na ushee kwa siku. Akaiangalia picha, akaniangalia mimi.

"Kwa hiyo umekwisha?"

Nikatabasamu. "Tutautunza," nikasema. Nikampa karatasi ya mazoezi na miadi ya wiki mbili. Hakurudi. Kwenye faili niliandika kile tulichokuwa tukiandika sote, mpaka mkono ukizoea: hakuhudhuria.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, nimesomea Moshi, nikafanya kazi Tanga miaka michache, kisha 2003 nikamfuata mume wangu Perth. Cheti changu hakikutosha kule. Mitihani ya kusajiliwa ilinichukua muda, na huku nikiisubiri niliosha wazee usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilipopata usajili, kazi za mjini hazikunitaka. Geraldton walinitaka kwa sababu hapakuwa na mwingine. Nasema hivi ili nisionekane nilikwenda kwa wito. Nilikwenda kwa mshahara, na kwa bahari. Ni Bahari ya Hindi ileile. Jioni ya kwanza nilisimama ufukweni nikatazama jua likizama majini, nikaona mambo yako kinyumenyume: kwetu bahari hutoa jua, pale inalimeza.

Nilidhani weusi wangu utanifungulia mlango. Huo ulikuwa ujinga, na aliyeniondolea ni mhudumu wa afya wa pale, mama wa Kiyamatji niliyefanya naye kazi miaka kumi na kitu. Naye nimwite Anti. Wiki ya kwanza alinitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Wewe ni mweusi wa ndege." Yaani umekuja kwa ndege, na kwa ndege unaweza kuondoka. Hakuwa na chuki. Alikuwa ananipa anwani yangu.

Februari ileile, tarehe 13, Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama Bungeni Canberra kuomba radhi kwa watoto wa Kiaborijini waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao. Tulijazana mbele ya televisheni kwenye chumba cha kusubiria. Anti alilia bila sauti, kisha akanyanyuka akaenda kubandika birika. Baadaye, tukioshana vikombe, nikamuuliza swali lililokuwa likinikera: kwa nini watu hawaji? Dawa bure, gari la kuwachukua lipo, na mimi nipo.

Hakunijibu siku ile. Alinijibu miezi mitatu baadaye, tukiwa garini njiani kwenda Mullewa, kilomita mia moja hivi za ngano na vumbi. Aliniambia habari za visiwa vya Bernier na Dorre, vilivyo mkabala na Carnarvon, kaskazini yetu. Kuanzia 1908 mpaka 1919 serikali ya jimbo iliwakamata Waaborijini waliodhaniwa wana magonjwa ya zinaa, wengi wakiletwa kwa minyororo kutoka mamia ya kilomita bara, ikawapeleka huko: wanaume Bernier, wanawake Dorre. Iliitwa hospitali. Wengi hawakurudi makwao. Waliokwenda kuwakamata ni polisi, na sababu ya kukamatwa ilikuwa jicho la mtu aliyewatazama akaamua ni wagonjwa. Na kabla ya hapo, Sheria ya Waaborijini ya 1905 ilikuwa imemfanya afisa mmoja wa serikali awe mlezi halali wa kila mtoto wa Kiaborijini wa jimbo zima mpaka atimize miaka 16. Mama mzazi hakuwa na kauli.

"Sasa wewe," Anti akasema, macho barabarani, "unamwambia bibi aje kwenye jengo la serikali, avue nguo, umtazame."

Nilinyamaza mpaka Mullewa.

Ndipo nilipoelewa kwa nini zahanati za jumuiya yenyewe zinajaa na zile nyingine zinalalamika. Ya kwanza ya namna hiyo ilianzishwa na Waaborijini wenyewe Redfern, Sydney, mwaka 1971, na leo ziko zaidi ya mia moja nchi nzima, bodi zake zikichaguliwa na wenyeji. Kwenye zile hakuna anayeandika "hakuhudhuria" kabla ya kuuliza nani amefariki wiki hii.

Utafiti niliingia kwa mlango wa nyuma. Chuo kimoja kilitafuta mtu wa kuhoji wagonjwa wa maumivu ya mgongo, nami nilikuwa pale, tena nina gari. Wakati huo wataalamu wengi waliamini maumivu ya mgongo si tatizo kubwa kwa Waaborijini, kwamba utamaduni unawakinga. Kulikuwa na utafiti uliochapishwa 1996 kuhusu jamii moja ya katikati ya Australia: ulikuta maumivu ni mengi, ila watu hawayasemi hadharani wala hawayapeleki kliniki. Wengine walisoma "hawayasemi" wakaelewa "hayawasumbui". Mswahili asingefanya kosa hilo. Sisi ukimuuliza mtu habari za asubuhi atakwambia nzuri, atauliza na za kwako, za watoto, za kazi, ndipo akwambie jana usiku kafiwa na kaka.

Pamoja na kulijua hilo, mimi ndiye niliyekwenda na dodoso lenye mstari wa sifuri mpaka kumi. Sifuri huna maumivu, kumi ni maumivu yasiyofikirika. Mama mmoja aliyeingia akiwa ameshika ukuta aliweka alama kwenye mbili. Nikamwambia, mbona unashika ukuta? Akasema wapo wenye shida zaidi yangu. Anti aliyekaa pembeni alikohoa kile kikohozi chake cha kunizuia nisizidi kujiaibisha.

Pendekezo la utafiti lenyewe lilirudishwa mara mbili na kamati ya maadili ya Waaborijini ya jimbo. Wakati ule nilikasirika, nikaona wananichelewesha. Nikiyasoma sasa yale maswali yao naona aibu kidogo. Nani katika jamii ameomba utafiti huu? Kanda za sauti zitakuwa mali ya nani? Mkishaondoka kitabaki nini? Baraza la Taifa la Afya na Utafiti wa Tiba lilikwisha kutoa mwongozo tangu 2003 wenye tunu sita, mojawapo ni kurudisha fadhila: ukichukua, urudishe, na aliyechukuliwa ndiye anayesema kama umerudisha. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba matokeo "yatachapishwa kwenye majarida". Mzee mmoja wa kamati ya wenyeji aliniuliza kama majarida hayo yanauzwa duka la Mullewa.

Tukakaa upya na wazee. Kilichowasumbua kilikuwa kisukari na figo, si migongo. Kisha bibi mmoja akasema: kila siku mnatuambia tutembee ili sukari ishuke, tutatembeaje na migongo hii na magoti haya? Hapo utafiti ukapata mwenyewe. Sikuubuni mimi, ingawa kwenye karatasi jina langu lipo.

Anko nilimhoji 2011, uani kwa dada yake, chini ya mti, kinasa sauti juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilikuwa nimewahi kumwona mara mbili tatu mjini, ananyanyua kofia, anapita. Mara moja nilimwona ufukweni amekaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, wajukuu nje wanavua. Nilidhani anakimbia upepo.

Nikamwomba anieleze habari za mgongo wake. Akaeleza kondoo, akaeleza mabanda ya kukatia, akacheka. Kisha akasema kulikuwa na siku alikwenda kliniki, akaonyeshwa picha, akaambiwa mgongo ni wa mtu wa miaka themanini. Akaacha kukata. Hilo tu angelivumilia. Ila aliacha pia kuvua, kwa kuogopa kuinama juu ya mwamba. Aliacha kuwapeleka wajukuu porini kuwafundisha kufuata nyayo, kwa sababu babu akianguka huko nani atambeba? Usiku alikuwa akilala chali akisikiliza pingili zikisagana. Alizisikia kweli. Miaka mitatu.

Nikauliza, kwa sababu dodoso lilitaka niulize: "Nani alikwambia hivyo, Anko?"

Akapangusa magoti. "Mwanamke mmoja," akasema. "Mweusi hivi. Mpole sana."

Mkono wangu ulikwenda kwenye kinasa sauti, haukukizima. Hakunitazama. Alikuwa akinisitiri: alinisimulia mimi kama mtu mwingine ili nipate pa kukimbilia, na nikikimbia asinione. Dada yake akaleta chai. Tukanywa.

Usiku ule niliinukuu ile kanda mwenyewe, neno kwa neno, kama utaratibu unavyotaka. Kuna mahali unasikika upepo tu na kijiko kikigonga kikombe. Nilipapita pale mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Nilimwambia msimamizi wangu kwamba mwanamke anayesimuliwa ni mimi. Akashauri tuyatoe mahojiano yale kwenye data, yana mgongano wa maslahi. Anti aliposikia akasema kayatoeni, halafu mkamweleze mwenyewe kwamba aliyosema hayakufaa kitu. Yakabaki.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Akanikatisha: "Ulisoma picha. Sasa nisome mimi."

Mwaka 2013 ilichapishwa kazi ya watafiti wengine wa huko huko Australia Magharibi, nayo ilihusu maumivu sugu ya mgongo kwa Waaborijini. Walikuta kilekile: imani kwamba mgongo umeharibika na hautapona haikutoka kwenye utamaduni, watu waliipata kwetu sisi wahudumu na kwenye picha zetu. Waliuita kwa jina lake, ugonjwa unaoletwa na tiba. Niliisoma mara tatu nimesimama. Miaka miwili baadaye yakaja mapitio ya tafiti yaliyokusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote. Wenye miaka 20, asilimia 37 diski zao tayari zimechakaa. Wenye 50, asilimia 80. Wenye 80, asilimia 96. Yaani katika wenzake Anko wa rika lake, wazima, wanaocheza na kubeba, wanne kati ya watano wana picha kama yake. Kuchakaa kule ni kama mvi. Mimi nilimwonyesha mtu mvi zake nikamwambia anakufa.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, maana nimeshaona watu wakilichukua hili wakalivusha mpaka. Kuna mgongo wa kukimbizwa hospitali: ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri na mapajani, miguu ikilegea, ukiwa na homa, ukikonda bila sababu, ukiwa umewahi kuugua saratani, au umeanguka vibaya. Huo picha yake ina maana. Ila ni wachache mno. Duniani mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na wengi wao hakuna picha itakayowaambia kwa nini.

Nilichojifunza baada ya hapo ni kuanza upya kuongea, nikiwa na umri wa miaka arobaini. Wenyeji wana neno lao kwa mazungumzo yasiyo na haraka, mimi naita kupiga soga. Watafiti wa kule, Waaborijini na wasio Waaborijini, waliipanga soga hiyo kwa ajili ya kliniki na kuichapisha mwaka 2016: kwanza soga ya kujuana, kisha soga ya ugonjwa, kisha soga ya matunzo. Vijana wangu wa chuo wanaiona rahisi, wanaikariri mpangilio kama dua. Kisha wanaingia chumbani wanauliza "umetoka wapi?" huku wameshika kalamu. Kumbe wa kuulizwa umetoka wapi ni wewe, mtoto wa watu, na ujibu. Mimi husema Pangani, mahali mto unapoingia baharini, baba alikuwa na ngalawa, mama anapika maandazi. Bibi mmoja wa Mount Magnet, bara kabisa, alitaka kujua maandazi yanakaangwa kwa mafuta gani. Dakika ishirini. Kisha akaniambia goti lilianza kumuuma wiki aliyomzika mwanawe. Dodoso langu la zamani halikuwa na mahali pa kuandika hilo.

Wafadhili soga hawaipendi. Ripoti inatakiwa Juni, na Juni hiyo kuna msiba, na msiba wa kule hauishi kwa siku tatu; shughuli zinasimama, ofisi za jumuiya zinafungwa, watu wanasafiri. Mara moja tuliahirisha mkutano wa kurudisha matokeo mara nne. Barua ya mfadhili ilisema mradi "una changamoto za utekelezaji". Changamoto ilikuwa watu wanazikana.

Ulipofanyika hatimaye, ilikuwa uwanjani, nyama jikoni, watoto wanapiga mpira. Nilikuwa na slaidi, jenereta likagoma. Anko ndiye aliyesimama akaeleza migongo, bila takwimu hata moja. Aliinama mbele ya watu akagusa ardhi, polepole, kwa uso wa mtu anayeumia, akainuka. "Unauma," akasema. "Ila wangu." Kisha akaenda zake kuangalia nyama. Alikuwa amerudi kuvua kufikia wakati ule. Hakupona, asubuhi baridi alikuwa anavaa viatu kwa dakika kumi. Ndoo ya samaki alibebewa na mjukuu, samaki alivua mwenyewe.

Mwaka jana nilikwenda Pangani. Mama ana miaka 78. Kiuno kimemsumbua, akapelekwa kupigwa picha, na nilipofika akaniletea bahasha la kaki kabla hata sijavua viatu. "Daktari amesema pingili zimesagika," akasema, na nikaona ameshaacha kukaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi anakuniwa na msichana wa jirani.

Nikaiweka bahasha mezani bila kuifungua. Nikakaa karibu yake, nikaanza: habari za hapa, nani kaolewa, maandazi anapika nani siku hizi. Alinijibu mawili matatu. Kisha akanitazama vile mama tu anavyoweza kukutazama.

"Miaka yote hiyo umesoma," akasema, "hata picha yangu huitazami?"

Nikaichukua, nikaipeleka dirishani. Mwanga wa Pangani saa kumi ni mzuri, kila pingili inaonekana. Nikiwa nimeishika vile, mgongo nimempa yeye, nikamuuliza mara ya mwisho kukuna nazi mwenyewe ilikuwa lini.